Somo la robo hii: Kumwandaa kijana wetu kwa usaili wa kazi



Katika matoleo mengi tumeandika juu ya ada, mabweni na vitabu. Somo la safari hii linahusu hatua inayokuja baada ya ada zote kulipwa, nayo ni usaili wa kazi. Kijana husomeshwa miaka mitatu au minne kwa fedha za watu wengi. Mzazi ameuza ng'ombe, usharika umefanya harambee, na mfadhili wa mbali ametuma mchango wake. Kisha jitihada zote hizo hufikishwa katika chumba kimoja chenye meza na watu watatu au watano, na kijana hukaa mbele yao kwa dakika ishirini hivi. Mara nyingi hakuna aliyewahi kumwelekeza la kufanya katika dakika hizo.

Jambo hili limezidi kuwa la lazima. Kwa miaka mingi mwalimu aliyehitimu aliomba ajira ya Serikali na kusubiri kupangiwa kituo, bila kuitwa mbele ya jopo. Mapema mwaka 2025 waombaji wa kada ya ualimu nao waliitwa kwenye usaili kama wenzao wa kada nyingine. Kwa kuwa katika sharika nyingi vijana waliosomea ualimu ndio wengi kuliko wa fani nyingine yoyote, tunaona vema kamati zetu zielewe usaili ni kitu gani.

Usaili unavyokwenda

Kazi nyingi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichowekwa na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002. Maombi hutumwa kwa njia ya mtandao, katika mfumo unaoitwa Ajira Portal. Waombaji wakiwa wengi hufanyika kwanza usaili wa mchujo, yaani mtihani wa maswali ya kujibu kwa karatasi au kwa kompyuta kadiri tangazo litakavyoelekeza. Wanaopita huitwa kwenye usaili wa mahojiano. Baadhi ya kada, kama vile madereva na watunza kumbukumbu, huweza pia kupewa usaili wa vitendo. Msailiwa hujigharamia mwenyewe nauli, chakula na malazi. Hili huandikwa wazi katika kila tangazo la kuitwa, lakini bado wapo wanaolisoma wakiwa tayari hawana nauli.

Kwenye mahojiano, kila mjumbe wa jopo huwa na karatasi yenye maswali na nafasi ya alama. Tunaomba wasomaji wetu walishike hili, maana ndilo linaloeleza mengine yote. Mjumbe anaweza kukupenda sana, lakini kama hukusema kitu cha kuandikwa katika nafasi ile, hana namna ya kukupa alama. Aidha, mjumbe akinyamaza au akiinama kuandika, asidhaniwe kuwa amechukia. Anaandika ulichosema.

Vyeti na majina

Tunaanza na vyeti kwa sababu hapa ndipo mtu huweza kurudishwa mlangoni kabla hajaulizwa swali hata moja. Msailiwa anatakiwa kufika na vyeti halisi, kuanzia cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita kama alifika huko, na cha taaluma yake, pamoja na kitambulisho. Hati za muda za matokeo hazikubaliwi kwa kawaida. Kijana ambaye cheti chake bado kiko chuoni kwa sababu ya deni dogo la ada alishughulikie sasa, asingoje kuitwa. Hapa kamati ya usharika inaweza kusaidia kwa fedha isiyo nyingi kuliko harambee nyingine nyingi tunazofanya.

Linalosumbua zaidi ni majina. Katika familia zetu mtoto hubatizwa Yohana, mwalimu wa shule ya msingi akamwandika John, cheti cha kidato cha nne kikatoka na Johanes, na kitambulisho cha Taifa kikabeba jina la babu ambalo halimo katika cheti chochote. Nyumbani huyo ni mtu mmoja na kila mtu anamjua. Mezani kwa jopo ni watu wanne. Majina yakitofautiana, msailiwa hutakiwa kuwa na hati ya kiapo, au hati ya majina iliyosajiliwa, kulingana na maelekezo ya tangazo. Hati hizo huhitaji mwanasheria na siku kadhaa, wakati tangazo la kuitwa huweza kutoa muda mfupi tu. Kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba siku kijana anapomaliza chuo, mzee wa kanisa au mwinjilisti wa mtaa akae naye, waweke vyeti vyote mezani na kusoma jina herufi kwa herufi, cheti baada ya cheti.

Tuongeze kwamba cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa. Wapo wazazi ambao mpaka leo wanacho cha ubatizo tu, kimehifadhiwa vizuri kabisa ndani ya Biblia. Kinaweza kusaidia kama ushahidi mtu anapoomba kusajiliwa kwa kuchelewa, lakini cheti chenyewe cha kuzaliwa hutolewa na RITA, na huduma hiyo hupatikana pia wilayani.

Tangazo lenyewe ndilo kitabu cha kusoma

Vijana hutuuliza wasome kitu gani. Jibu letu ni tangazo la kazi, sehemu ya majukumu. Kila jukumu lililoandikwa pale ni swali linalosubiri kuulizwa.

Tuchukue mfano wa kazi ya Ofisa Maendeleo ya Jamii, ambayo wahitimu wetu wengi huiomba. Moja ya kazi zake ni kuhamasisha na kusimamia vikundi vya uzalishaji mali. Anayejiandaa vizuri hataishia kukariri maana ya neno uhamasishaji. Atataka kujua kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwamba utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya matatizo ya usimamizi na marejesho, na kwamba ulirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kisha atakwenda kwa ofisa wa kata yake mwenyewe, kwa heshima, amwombe amweleze kikundi kinavyoundwa, kinavyosajiliwa na kwa nini vingine hushindwa kurejesha. Mazungumzo ya nusu saa na ofisa huyo yatampa zaidi ya usiku mzima wa kukariri. Aidha, mara nyingi ofisa hufurahi kuulizwa, maana si wengi wanaomuuliza juu ya kazi yake.

Kwa mwalimu ni vivyo hivyo. Asome muhtasari wa somo lake, aweze kuandaa andalio la somo moja na kulieleza, na awe na jibu la darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache, kwa kuwa hilo ndilo darasa atakalopewa.

Kusema ulichofanya

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo hili. Vijana wetu wengi wanayo ya kueleza, ila hawajui kwamba ni ya kueleza.

Katika mazoezi tunayofanya na vijana wa sharika, swali la kwanza huwa ni lile la kawaida: tueleze habari zako. Kijana huanza na jina, mahali alipozaliwa, yeye ni mtoto wa ngapi, shule ya msingi, shule ya sekondari, na akifika chuoni amemaliza pumzi na dakika tatu zimekwisha. Tukimuuliza kama ana uzoefu wa kazi, hujibu hana. Baadaye, nje, wakati wa chai, tunagundua kwamba kijana huyohuyo amekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa kwa miaka miwili, au amefundisha shule ya Jumapili tangu kidato cha tatu, au aliandika kumbukumbu za kamati ya ujenzi mpaka bati la mwisho lilipopigwa. Kwake hayo ni utumishi au kumsaidia mama, si uzoefu. Jopo halitayajua asipoyasema.

Tuone tofauti. Swali likiwa ni je, wewe ni mwaminifu katika fedha, jibu la wengi ni hili: "Ndiyo, mimi ni mwaminifu, mchapakazi na ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Waombaji wote watasema hivyo, wakiwemo wasio waaminifu. Mjumbe hana la kuandika.

Sasa jibu la pili: "Kwa miaka miwili nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha watu 25 mtaani kwetu. Fedha zilikaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zilikuwa kwa watu watatu. Katika mwaka wa pili tuliona hesabu ya daftari haikulingana na ya sanduku. Nilipitia madaftari ya wanachama moja moja kwa siku mbili, nikakuta marejesho mawili yaliyoandikwa mara mbili. Niliwaonyesha kikundi kizima makosa yalipo, na tangu hapo nilianza kusoma hesabu kwa sauti mwisho wa kila kikao. Wakati wa kugawana hakuna aliyelalamika." Hapa neno mwaminifu halikutajwa hata mara moja, lakini mjumbe amepata la kuandika katika kila mstari.

Mpangilio wake si mgumu: hali ilikuwaje, kazi yangu ilikuwa ipi, nilifanya nini, na mwisho wake ulikuwaje. Tunawashauri vijana waandike matukio matano au sita ya namna hiyo kutoka maisha yao wenyewe, la fedha, la ugomvi uliosuluhishwa, la kazi iliyokwama, la kufundisha wengine, la kufanya kazi chini ya mtu mgumu. Tukio moja hujibu maswali mengi. Na liwe la kweli. Mjumbe mzoefu huuliza swali la pili na la tatu, na hadithi ya kutunga huishiwa maji kwenye swali la pili.

Ipo pingamizi ambayo ni ya malezi yetu, nayo ni neno "sisi". Tumelelewa kwamba anayesema "mimi, mimi" ana majivuno. Hata jarida hili, kama mnavyoona, huandikwa kwa "sisi". Kijana naye akiulizwa husema tulihamasisha, tulichimba, tulifanikiwa. Jopo haliajiri kikundi, linataka kujua yeye alishika nini. Kusema "kikundi kilichimba mtaro, kazi yangu ilikuwa kuandika zamu na kufuatilia wasiofika" si majivuno, ni taarifa. Wazee wa kanisa wakimwambia hivyo, hasa binti, atalipokea kwa urahisi kuliko akiambiwa na sisi wa ofisini.

Maswali mengine machache. Ukiulizwa udhaifu wako, taja ulio wa kweli na unachofanya kuurekebisha; jibu la "ninapenda kazi kupita kiasi" wajumbe wamelichoka. Usichokijua, sema hukijui, kisha eleza ungekitafuta wapi. Majopo mengi huuliza kwa Kiingereza, nawe jibu kwa lugha uliyoulizwa. Sentensi fupi iliyo sahihi inatosha, na kuomba swali lirudiwe si kosa. Mwishoni ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza jambo moja la kazi yenyewe. Mshahara wa Serikali una ngazi zake zilizopangwa, ila kwa mashirika binafsi ujue kabla kiwango unachoweza kukitaja bila kujiumiza wala kuchekesha.

Siku yenyewe

Afike mjini siku moja kabla, na jioni hiyo aende kukiona chumba au jengo kwa macho yake. Nguo safi iliyopigwa pasi inatosha, wala hakuna haja ya kukopa suti inayomwaga mabega. Simu izimwe kabisa, si kuwekwa mtetemo tu. Asalimie, angoje kuambiwa aketi. Kijana wetu aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya wakubwa, na nyumbani hiyo ni adabu. Mbele ya jopo aangalie anayemuuliza, bila kukodoa.

Wasioajiriwa mara ya kwanza wasizime simu wala kuisahau akaunti yao. Waliofaulu lakini nafasi zikawa zimejaa huwekwa katika kanzidata, na wengine huitwa baadaye nafasi inapopatikana.

Wanaovizia mlangoni

Hatuwezi kuandika juu ya usaili tukanyamazia jambo hili, kwa kuwa wazazi hutuletea machozi ofisini. Mtu yeyote anayeomba fedha ili "jina lipite" anaiba. Na yeyote anayemtaka binti kimwili ili ampatie kazi anatenda kosa la jinai: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja kosa hilo waziwazi. Taarifa hupokelewa na TAKUKURU kwa namba 113 bila malipo. Binti aambiwe mapema kwamba akitajiwa mahojiano ya jioni, hotelini, peke yake, hayo si mahojiano, na kwamba usharika wake utakuwa upande wake akirudi bila kazi.

Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi katika ajira kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na maambukizi ya VVU, nayo inamlinda hata anayeomba kazi. Binti akiulizwa ataolewa lini, anaweza kujibu kwa upole kwamba yuko tayari kutimiza majukumu yote yaliyotajwa katika tangazo, na kuishia hapo.

Sisi tunapokuwa jopo

Kamati zetu nazo huajiri: mwalimu wa chekechea, mhasibu wa usharika, muuguzi wa zahanati, mlinzi. Basi kifungu hicho cha 7 kinatuhusu na sisi tukiwa upande wa pili wa meza.

Mara nyingi usaili wetu huwa mazungumzo. Huyu huulizwa habari za baba yake tunayemfahamu, yule huulizwa hesabu. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 juu ya namna za kuchagua wafanyakazi, wakaona kwamba usaili wenye maswali yaliyopangwa hutabiri utendaji wa mtu kazini vizuri kuliko mazungumzo ya kawaida. Uchambuzi mpya wa Paul Sackett na wenzake, uliotolewa mwaka 2022, ulipunguza makadirio mengi ya zamani, lakini usaili uliopangwa ukabaki juu kabisa ya orodha, na tofauti yake na mazungumzo ya kawaida ikazidi kuwa kubwa.

Kwa usharika hili halina gharama. Maswali sita yaandikwe kabla, yatokane na kazi yenyewe, na kila mwombaji aulizwe hayohayo. Kila mjumbe aandike alama zake kimya kabla ya mwenyekiti kufungua mazungumzo, la sivyo alama zote zitafuata mdomo wa mkubwa. Mwenye ndugu miongoni mwa waombaji aseme hivyo mapema na atoke nje ya chumba. Tunajua katika usharika mdogo nusu ya kamati inaweza kuwa na undugu na mwombaji. Hapo aombwe mjumbe kutoka usharika wa jirani. Na kwa mhasibu, kuliko kumuuliza kama anajua hesabu, apewe risiti kumi na daftari, apewe nusu saa.

Zoezi la kufanya katika usharika

Tunapendekeza kila usharika uwe na jopo la mazoezi la watu watatu. Mmoja awe mwalimu mstaafu au mtumishi wa Serikali, mmoja mjumbe wa kamati, na mmoja kijana aliyekwisha kuajiriwa hivi karibuni. Wakutane na vijana Jumapili moja kwa mwezi baada ya ibada, katika chumba kilichofungwa mlango, si chini ya mwembe mbele ya watoto wanaocheka. Kila kijana aje na tangazo la kazi analoliomba na vyeti vyake. Aulizwe maswali matano kwa dakika kumi na tano, kisha aambiwe mambo mawili ya kurekebisha, siyo kumi. Mwezi unaofuata aulizwe tena. Tumeona kwamba badiliko kubwa huonekana kati ya zoezi la kwanza na la pili, mara tu kijana anaposikia sauti yake mwenyewe ikisimulia kazi aliyoifanya.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba mtufikirie nauli. Bajeti za ufadhili wa masomo huishia siku ya mahafali, na kati ya mahafali na mshahara wa kwanza ipo safari moja au mbili za kwenda Dodoma au makao makuu ya mkoa, ambazo mzazi aliyekwisha kuuza ng'ombe hana tena cha kuuzia. Kamati zilizo tayari kuanza zoezi hili zituletee majina ya wajumbe watatu pamoja na idadi ya vijana waliohitimu bila kazi, kwa kumtumia mwinjilisti au mjumbe wa Jimbo, nasi tutatuma maswali ya mfano kwa kada ya ualimu, afya, maendeleo ya jamii na uhasibu.